Kiu ya Siku Kumi na Tisa

Chuma kilikuwepo, na karani alikiona kwa macho yake. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, na pale kwenye nyonga ya mzee kikaonekana kipande cheupe, kikubwa kama kifungo cha koti.

"Kipo, baba, sikatai," alisema. "Ila kwenye faili hakipo."

Fundi alikuwa amekula chumvi ya kutosha, miaka sabini na miwili, na ofisi alizijua. Hii ilikuwa mara yake ya tano mbele ya dirisha hilo la orodha ya majeruhi wa vita. Mara ya kwanza aliambiwa alete cheti. Alipoleta cheti akaambiwa alete picha. Alipoleta picha, mhusika alikuwa mkutanoni, na mara ya nne mhusika alikuwa amehamishwa. Mwaka mzima walimpiga danadana, huku mguu wake wa kushoto ukizidi kuburuza. Leo angalau alikuwa amekuta mtu mwenye masikio, binti wa umri wa mjukuu wake, ambaye alikuwa ameshuka hadi ghala la mafaili akarudi na vumbi kwenye nywele.

"Faili lako linasema hivi," karani alisoma. "'Amerudi kikosini. Hakuna jeraha.'"

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa yamemkaa Fundi kooni kwa miaka thelathini na minane. Hakuwa akitafuta fidia. Cherehani ilimlisha na watoto walikuwa wakubwa. Alichotaka ni kuona maneno hayo mawili yakikatwa kwa wino. Kila askari wa zamani walipokusanywa uwanjani, majeruhi waliketi mbele kwenye viti, naye alisimama nyuma na wale waliorudi salama, kaegemea ukuta, nyonga inawaka moto. Mtaani walimtania kwamba kilema chake ni cha kuanguka na baiskeli. Alicheka nao, maana angefanya nini, na akirudi nyumbani alikaa kimya mpaka bintiye akamuuliza kulikoni.

"Sasa nimekuta kitu," karani aliendelea, akipunguza sauti. "Daftari la hospitali ya vita, tarehe ile ile unayosema. Kuna askari ameingizwa na chuma nyonga ya kushoto, na tumbo limepasuliwa. Amelala siku kumi na tisa. Lakini namba si yako."

Akageuza daftari. Fundi hakuhitaji miwani kuisoma namba hiyo. Alikuwa ameishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Huyu alikufa," karani akasema. "Jeraha limeandikwa kwake, na nishani ya majeruhi ilipelekwa kwa mke wake. Jeraha moja haliwezi kuwa la watu wawili, baba. Kulihamisha inabidi mjane asaini kwamba hana pingamizi. Na orodha inafungwa mwisho wa mwezi huu."

Akampa karatasi. Fundi aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akashukuru kama mtu aliyepewa hukumu.

Mwenye namba ile aliitwa Kipenga, kwa sababu ya miluzi yake. Alipiga mluzi akioga, akila, akilala, mpaka sajini akamwambia siku moja adui atatupata kwa kufuata wimbo. Fundi alikuwa ndiye mshonaji wa kikosi. Makoti yote yalipita mikononi mwake, na namba zote za vifuani alizishona yeye. Koti lake mwenyewe alikuwa amelitia bitana ya blanketi, siri yake na ya Kipenga. Basi wakawa na mtindo wao: anayekwenda zamu ya mbele kwenye baridi anavaa koti la blanketi, mwingine anabaki na lile jepesi. Hakuna kikosi kingine kingefanya ujinga huo, maana hakuna kikosi kingine kilichokuwa na koti la namna hiyo.

Siku ya kombora ilikuwa zamu ya Kipenga, naye alivaa koti la blanketi, Fundi akabaki na lile jepesi la Kipenga; kombora liliwapata wote wawili, Kipenga akafa. Wenzao walimzika pale pale, na walimjua wanayemzika. Lakini Fundi alibebwa bila fahamu akiwa na namba ya Kipenga kifuani, na hospitalini kila kitu kikaandikwa kwa namba hiyo, kwa kuwa homa ilimzuia hata kutaja jina lake. Siku ya kumi na tisa sajini alikuja kutazama wagonjwa, akashangaa. "Huyu si Kipenga. Kipenga tumeshamzika." Karani wa hospitali, ambaye bila shaka alikuwa na kazi nyingi, hakutaka kuandika upya. Kwenye faili la Kipenga aliongeza "amefariki" na tarehe ya siku hiyo. La Fundi akalijaza vile alivyoona, na kwa kuwa jina lake halikuwa limeingia hospitali, jeraha nalo halikuwepo. Fundi akarudishwa kambini kushona, kwa kuwa cherehani haihitaji mtu anayekimbia. Sajini alikufa kabla vita havijaisha.

Angeweza kusema wakati huo. Alipotoka jeshini alifunga safari hadi kwa mjane, roho mkononi, maneno yote kayapanga. Akawakuta wameketi, mjane na mama yake Kipenga, na kabla hajafungua mdomo mjane akasema, "Angalau alifia mikononi mwa watu, Shemeji. Alitunzwa." Mama akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Fundi akayameza maneno yake. Alijiambia kwamba hiyo faraja ni yao, na kwamba yeye ni nani hata aende kuwaambia mtu wao alikata roho kwenye shimo la matope. Tangu hapo alikuwa akimtembelea mjane huyo, naye akimwita Shemeji, mara kwa mara, anamgeuzia kola, anamtilia zipu, isipokuwa mwezi huu mmoja. Mwezi wa kombora hakuwa na uso wa kumtazama.

Sasa mwezi ulikuwa huo huo, na orodha haikumngojea mtu. Alijikaza kisabuni, akaenda.

Shemeji alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua kingo, kamba tatu za mashati, na pasi mbili za mkaa zilizopokezana. Alikuwa mwembamba, mikono imara, na aliponyoosha shati alichovya vidole kwenye bakuli la maji akanyunyiza bila kuangalia. Joto la chumba lilimpiga Fundi mlangoni.

"Leo umepotea njia," Shemeji akasema. "Mwezi huu huwa hukanyagi hapa."

"Nimekuja na shida, Shemeji."

"Wewe lini umekuja na raha? Kaa."

Akamwekea jagi na glasi mbili. Fundi alikunywa glasi nzima kwa pumzi moja, kisha nyingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu vita. Hakuweza kukaa karibu na maji akayaacha, na bintiye alimtania kwamba ana ubia na kisima. Akamjazia na mwenyeji wake, akamsogezea.

"Mimi bado," Shemeji akasema, akachukua shati jingine.

Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. Midomo yake ilikuwa imekauka, ina nyufa nyeupe pembeni. Fundi akatazama bakuli la kunyunyizia, akatazama glasi isiyoguswa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sinywi mpaka jua lizame. Leo ni siku ya tisa." Akageuza pasi, akapuliza majivu. "Wewe huji mwezi huu, ndiyo maana hujui. Siku zile kumi na tisa sinywi mchana. Nilianza mwaka uliofuata."

Fundi akaisukuma glasi yake pembeni. "Kwa nini, Shemeji?"

Akaiweka pasi kwenye kigae. Kutoka chini ya blanketi la meza, mahali ambapo wengine huficha vitu vya thamani, alitoa bahasha laini kama kitambaa kwa kushikwa. Ilikuwa barua ya nesi, mistari sita. Mumeo yuko hapa, ameumia tumbo na nyonga. Analilia maji usiku na mchana, daktari amekataza. Njoo ukiweza, sauti ya mtu wake itamsaidia.

"Ilichelewa," Shemeji akasema. "Ilifika siku mbili baada ya taarifa ya kifo. Safari ya nusu siku tu, na mimi nilikuwa hapa ninafua nguo za watu. Mikono yangu ndani ya maji, Shemeji, na yeye analilia maji, ananisubiri. Siku kumi na tisa. Sikuwa na njia ya kumlipa, ndiyo nikaona bora nikae na kiu yake."

Fundi akairudia mistari ile sita. Alikuwa amekuja akiogopa kumnyang'anya faraja, na hapakuwa na faraja yoyote ya kunyang'anya. Miaka thelathini na minane alikuwa amelinda mateso ya huyu mwanamke kwa uangalifu mkubwa, akidhani ni wema. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Hakuwa Kipenga," akasema. "Mle hospitalini. Nilikuwa mimi."

Akaeleza yote. Koti la blanketi, namba, sajini, karani. Alieleza vibaya, akirudia rudia, mikono ikishika hewa kama inatafuta sindano. Mkaa ulipasuka ndani ya pasi, na nje mtu alikuwa akipiga honi ya gari bila sababu.

"Na yeye?" Shemeji aliuliza mwishowe.

"Pale pale. Hakusema neno. Alikuwa amerudi kuchukua tochi, tunataniana. Nilimwambia koti langu linambana kama mtoto wa shule. Alikuwa anacheka."

"Maji hakuomba."

"Hakuomba."

"Hakuniita."

"Hakupata nafasi, Shemeji."

Alisimama ameshika ukingo wa meza. "Kwa hiyo hakunisubiri," akasema taratibu, na Fundi hakujua kama anauliza. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mara ngapi umekaa kwenye kiti hicho?"

Fundi akainuka nusu kwenye kiti, akaketi tena.

"Umenigeuzia kola ngapi? Umeniona nikizeeka. Ulishindwa nini kusema?"

"Nilidhani inakufariji. Ulisema mwenyewe, angalau alitunzwa."

"Nilisema mbele ya mama mkwe," Shemeji akasema. "Mwanawe wa pekee amekufa, amekaa hapo amenishika mkono. Ulitaka niseme nini?"

Hapo Fundi akalia. Hakujificha wala hakujifuta. Shemeji alimwacha alie, akakunja shati la mtu, akalipanga juu ya mengine, akalipigapiga likae sawa.

"Umesema una shida," akamkumbusha.

Fundi akatoa karatasi. Alitamani kuirudisha mfukoni, aseme basi, lakini alikuwa amechoka na mambo ya kuficha. "Wanataka usaini. Jeraha litoke kwake lije kwangu. Ukikataa sitakulaumu."

Shemeji aliisoma yote, mpaka herufi ndogo za chini. Karatasi ilikuwa imelowa jasho na mikunjo yake minne ilisimama kama paa. Akaitandaza mezani, akaipitishia pasi mara moja, mara mbili, ikanyooka.

"Haipelekwi ofisini imekunjamana hivi. Watasema imetoka jaani." Akasaini. Kisha akafungua kopo la vifungo, akachambua, akatoa nishani ndogo iliyofifia utepe, akaiweka juu ya saini. "Na hii ni yako. Hajawahi kuivaa mtu."

Fundi hakuigusa. Alikuwa amedhani siku hii ikifika atasimama wima.

"Ilikuwaje?" Shemeji akauliza. "Ile kiu."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Hata bintiye alimuuliza juu ya chuma tu. "Nesi alinipaka pamba yenye maji mdomoni," alisema. "Niliinyonya ile pamba mpaka akaogopa nitaimeza. Nililamba jasho la mkono wangu. Ulimi ulijaa mdomoni, ukawa kama si wangu. Nikisikia mtu anamwaga ndoo nje nilikuwa nalia."

"Siku ya nne ndiyo mbaya kuliko zote," Shemeji akasema.

Fundi akamtazama. "Ya nne. Ndiyo."

"Baadaye mwili unazoea."

"Unazoea."

Jua lilikuwa bado juu, linaingia mlangoni mpaka miguuni mwa meza.

"Kesho usije," Shemeji akasema. "Wala kesho kutwa. Nina hasira na wewe na sijajua zitaisha lini. Nitakuita mwenyewe."

"Sawa, Shemeji."

Kisha Shemeji akanyoosha mkono kwenye glasi aliyojaziwa na Fundi, ile iliyokaa tangu mwanzo, maji yamepata joto la chumba. Aliishika kwa mikono miwili. Alitazama nje, mahali lilipo jua, kisha akanywa. Alikunywa akiwa amesimama, macho kafumba, maji yanamtiririka shingoni, na alipomaliza akajaza tena. Fundi hakuondoka mpaka jagi likaisha.