Mpigaji wa Wimbo wa Nne

Barua pepe ilifika Jumatano asubuhi, Mjomba akiwa anakunywa chai yake huku amesimama, kama kawaida yake. Nilimsomea kwa sauti kwa sababu husema kompyuta inamuumiza macho, ingawa siku za mpira macho hayo huwa mazima kabisa.

Ilitoka kwa waandaaji wa ile tuzo ya kimataifa ya muziki, inayotolewa kila mwaka kwa wanamuziki bora wa kila aina, wapiga ala na waimbaji, wenye majina makubwa na wasiojulikana hata mtaa wa pili. Albamu yetu ilikuwa imeteuliwa kuwania. Nasema yetu, lakini ni ya mzee mmoja mpiga gitaa ambaye amesubiri miaka arobaini mtu amsikilize. Sisi tuliirekodi tu, katika studio ya Mjomba yenye vyumba viwili, magodoro ukutani na feni inayozimwa kila kazi inapoanza. Fomu ya kuiwasilisha niliijaza mimi.

"Wanataka nini tena hao?" Mjomba aliuliza.

"Wanasema kila anayesikika lazima atajwe. Kwenye wimbo wa nne majaji wamesikia mdundo mwepesi chini ya gitaa. Wameupenda sana. Lakini kwenye fomu hakuna mtu aliyeupiga. Wanataka jina na sahihi yake kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo wanaiondoa albamu."

"Ni Shoti huyo. Mwambie aje kesho atie sahihi." Akamalizia chai yake.

Shoti ni mpiga ngoma wetu, na jina hilo alipewa kwa sababu akianza kupiga, unaruka kama umeshika waya wa umeme. Mdundo wa wimbo wa nne haukuwa wake. Nilijua hivyo tangu mwaka jana, na sikuwa nimemwambia mtu.

Studio yetu inapakana na chumba cha kushonea cha mama mdogo, dada yake Mjomba. Katikati kuna ukuta wa mbao nyembamba wenye kidirisha. Tukiwa tayari kurekodi, mimi hutundika kitambaa chekundu kwenye kidirisha hicho, naye akikiona huondoa miguu kwenye pedali ya cherehani yake mpaka nikitoe. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza pale studio, hata kabla ya kushika kompyuta. Siku ya wimbo wa nne yule mzee hakusema yuko tayari. Alianza tu kupiga, polepole, kama mtu anayeongea peke yake. Nilisimama na kitambaa mkononi, nikasikiliza, nikasahau kukitundika. Nilikumbuka wimbo ulipokwisha. Mjomba alikuwa tayari anapiga makofi, akisema huo haurudiwi. Nikakikunja kitambaa, nikakitia mfukoni.

Shoti alikuja Alhamisi. Mjomba alimvalisha hedifoni, akamwekea wimbo. Shoti alisikiliza amefumba macho, kidole kikitikisika gotini.

"Mtamu," alisema. "Ila si mimi."

"Si wewe vipi? Nani mwingine ana mikono humu?"

"Bosi, saa hiyo nilikuwa nje nakula. Mimi nilidhani ni mguu wa mzee."

Mjomba akampigia simu mzee, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. "Mimi?" mzee alicheka. "Miguu yangu ina magoti mabovu, baba. Nilidhani ni Shoti. Nikasema moyoni, leo kijana ametulia, labda anaumwa."

"Mzee, unanionea!" Shoti alipiga kelele.

Mjomba alikata simu, akajikuna kichwa. "Sasa sikieni. Tunaandika Shoti. Nani atakuja kuuliza?"

"Na wakiniita jukwaani wakasema hebu piga ule mdundo wako?"

"Utapiga."

"Nitapiga nini, mluzi?"

Walicheka wote wawili, na Mjomba akavuta fomu. Nilimwona anatafuta kalamu. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Hata chuoni nilikuwa najibu maswali kwa kumwandikia mwalimu kikaratasi. Nilitamani sana kikaratasi wakati ule.

"Mjomba," nilisema. "Ni cherehani."

Kalamu ikasimama.

"Nilisahau kutundika kitambaa. Ni mama mdogo alikuwa anashona. Nilijua, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Mjomba alivaa hedifoni mwenyewe, akauweka wimbo tena mwanzo mpaka mwisho. Alipozivua alikuwa ameinamisha kichwa.

"Miaka ishirini," alisema, "nawaambia watu hakuna sauti inayonipita. Cherehani ya dada yangu!" Kisha akanigeukia. "Wakisema ni makelele yameingia, mzee anapoteza nafasi yake. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria mwaka mzima."

Sikuona hasira usoni pake. "Haya. Nenda kamwambie mwenyewe."

Mama mdogo alikuwa anatia uzi kwenye sindano, miwani imemshukia puani. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alisikiliza bila kuacha kazi, halafu akaangua kicheko.

"Mimi? Mwanangu, nilikuwa nashona mapazia ya watu! Mnisahau ninyi, halafu mje kunitaka sahihi?"

"Mama mdogo, tafadhali. Kesho saa kumi ndiyo mwisho."

"Watanicheka. Mtu ameshona pazia, anaenda kujiandikisha na wanamuziki! Kaka yangu ndiye amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe." Kisha nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza. "Siku ile uliusikia wimbo?"

Aliuacha uzi. "Niliusikia. Nilikiangalia kidirisha, kitambaa hakuna, na mzee ameshaanza. Nikaona nikisimama ghafla nitamkata. Basi nikaenda naye. Akipunguza, napunguza. Lile pazia lilikuwa refu, bahati nzuri, mshono mmoja ulionyooka. Alipomaliza, nami nikakata uzi." Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Ulikuwa mzuri sana, wimbo ule. Sikumwambia mtu."

"Basi ulipiga," nilisema.

Alitazama mguu wake kwenye pedali kana kwamba amewekewa pale na mtu mwingine.

"Lete hiyo karatasi," alisema mwishowe. "Lakini uandike kweli. Palipoandikwa ala, andika cherehani. Wakikataa, wakatae cherehani, wasinikatae mimi."

Niliandika majina yake yote matatu, na pembeni nikaandika cherehani ya miguu. Chini nikaongeza maelezo mafupi ya kitambaa na ya kosa langu. Niliituma Ijumaa saa nne asubuhi, halafu nikakaa mbele ya kompyuta bila kwenda kula. Mama mdogo alishona kwa vituo siku hiyo, kila mara akichungulia kidirishani. Saa tisa na robo jibu likaja: wamepokea, mpigaji ameongezwa, albamu inabaki.

"Wamesema nini kuhusu cherehani?" Mjomba aliuliza.

"Wameuliza ni ya aina gani."

"Waambie ina fundi wake, atawajibu mwenyewe," alisema, akaingia chumba cha pili haraka, na nikamsikia anapenga kamasi.

Sherehe ya tuzo tuliitazama mwezi uliofuata, Jumapili asubuhi kwa saa zetu, sisi watano pamoja na mke wa mzee tumebanana mbele ya skrini moja. Tuzo ilikwenda kwa mpiga fidla mmoja wa mbali, na mzee ndiye aliyempigia makofi kwa nguvu kuliko sisi wote. Lakini kabla ya hapo walionyesha albamu zote zilizoteuliwa pamoja na majina ya wapigaji. La mama mdogo lilikuwa la mwisho. Alisogea karibu akalisoma mara mbili, kwa kidole.

"Hawajakosea hata herufi," alisema.

Jumanne mzee alirudi na nyimbo mpya. Mjomba akazima feni, nami nikachukua kitambaa chekundu na kuelekea kidirishani.

"Ngoja kwanza," Mjomba alisema. "Muulize mama mdogo kama yuko tayari."