Mikalitusi ya Mulumba

Mulumba alipopanda mikalitusi katikati ya mihogo yake, Ngalula aliacha kumwita kwa jina. Alimwita Bwana Misitu, na kila akitamka alitema mate pembeni.

Mulumba alikuwa amemuoa Arlène, mdogo wake Ngalula. Mashamba yao pale Mantapala yalipakana, na kijito kimoja kilipita chini ya yote mawili.

"Shemeji, wanaokausha samaki kule ziwani Kashikishi banatafuta kuni kila siku," Mulumba alijigamba, mikono nyuma kama chefu wa kijiji. "Wewe baki na mihogo na majani yake, sombe yako."

"Muti wenye kunywa mayi hivi, unaupanda na chakula? Kichwa yako iko na nini ndani?"

"Wivu tu," Mulumba alisema, akacheka.

Miti ilikua mbio, hilo hakuna aliyebisha. Mwaka wa tatu ilipita paa la kanisa. Chini yake mihogo ilirefuka myembamba ikitafuta jua, na walipoing'oa, mizizi ilikuwa kama vidole vya mutoto. Majani makavu yalifunika udongo, hata magugu yakakataa kuota. Kiangazi hicho kijito kilikauka, jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Ngalula akawa anakwenda na ndoo mpaka pampu ya mbali, na kila safari alipita kwa Mulumba makusudi.

"Bwana Misitu! Kunywa basi kivuli chako!"

Arlène alipokuja kuomba mihogo, Ngalula alimjazia beseni. "Hii yako na batoto. Yeye akule majani yake yenye kunuka dawa ya kifua."

Mulumba alikata miti yote, akauza kuni, akapanda mahindi kati ya visiki. Mvua iliponyesha, kila kisiki kilichipuka upya, machipukizi yamenona kuliko mahindi. Ngalula alimkuta anapambana na kisiki kimoja karibu na kijito, jasho linamtoka.

"Shemeji, nisaidie."

"Sema kwanza nani alikuwa na wivu."

Mulumba aliinama, akaendelea kuchimba. Ngalula alimtazama kama mutu anayetazama samaki aliyeoza, kisha akaenda kuchukua jembe lake. Kijito kilikuwa chake pia. Walichimba pamoja, na kila mzizi ulipokatika, Ngalula aliguna tu: "Mm!"

Visiki vya kando ya kijito walivimaliza. Vya juu vinaendelea kuchipuka, na kanisani, mbele ya batu wote, Ngalula bado anamsalimu: "Bwana Misitu, habari ya pori?"