Michezo Elfu Ishirini Isiyofika Mwisho

Mjukuu wangu alikuwa amebakiwa na jaribio moja. Akifaulu, anamaliza chuo. Akishindwa, anaondolewa, maana mwaka alikuwa amesharudia. Mwalimu wake alimwambia hivyo waziwazi, nami nilimshukuru moyoni kwa kutomzungusha.

Kazi yake ilikuwa programu ya kompyuta inayocheza sataranji. Alinieleza mezani nikimenya viazi. Kila hatua huzaa hatua nyingine, kama matawi, na kompyuta haiwezi kuyapitia yote. Ndiyo maana alikuwa anaifundisha kupogoa.

"Inajuaje tawi la kukata, mke mwenzangu?" nikamuuliza kwa utani wetu.

"Inajifanya imepitisha zamu, Bibi. Imekaa tu, haikucheza. Ikiona hata hivyo bado inaongoza, haihangaiki tena na tawi hilo. Inakata."

"Kumbe imemrithi babu yako kwa uvivu."

Alicheka mpaka akashika meza.

Ili ajue kama kupogoa kunasaidia, programu mpya inayopogoa ilipaswa kucheza na ile ya zamani isiyopogoa michezo elfu ishirini. Kompyuta yetu kuukuu ilinguruma wiki tatu kando ya kabati. Jirani wa juu, mshonaji, alipogundua kwamba pasi yake inazima umeme wa jengo zima, akawa anabeba nguo kwenda kuzipigia pasi kwa dada yake, mitaa mitatu mbele. Hakuna aliyemwomba.

Hata hivyo siku hazikutosha. Mjukuu wangu akaongeza sharti: vipande vikibaki vichache, na programu zote mbili zikikubaliana nani anaongoza, mchezo unasimamishwa na matokeo yanaandikwa.

"Mwisho unajulikana, Bibi. Tupoteze muda wa nini?"

Nikaona ana akili. Programu mpya ikaishinda ya zamani kwa mbali.

Asubuhi ya jaribio, chuoni tulikuta walimu watatu na skrini kubwa. Programu yake ingecheza na ya chuo michezo minne, na alihitaji kushinda miwili. Mwalimu wake alinipa kiti chake, yeye akasimama.

Mchezo wa kwanza ulianza vizuri. Vipande vikaisha mpaka wakabaki wafalme na askari wachache, na programu bado ilijiona inaongoza. Kisha ikajikuta mahali ambapo kila hatua ni ya kujiumiza. Kukaa tu kungeiokoa, lakini sheria haina kukaa tu. Ikasogea, ikaanguka. Mchezo wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile.

"Mbona inaanguka mwishoni?" nikamnong'oneza.

"Sikuwahi kuiona ikifika huku, Bibi. Hata mara moja. Nilikuwa naikatiza mimi mwenyewe."

Akainuka. "Mwalimu, ni mstari mmoja tu. Vipande vikiwa vichache, isipogoe. Nipe dakika mbili."

Mwalimu aliwatazama wenzake. Mmoja akatikisa kichwa. Mwalimu wake akaja mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Ikishakabidhiwa haiguswi, mwanangu. Ningeweza, ningekupa."

Mchezo wa nne haukuwa na maana tena. Walimuuliza kama wausimamishe.

"Hapana," akasema. "Acheni uishe."

Ukaendelea karibu saa nzima. Safari hii programu yake ilishinda. Hakuna aliyepiga makofi, na mjukuu wangu aliitazama ile skrini kana kwamba imemtukana.

Karatasi ya kuondoka chuoni ilikuwa ukurasa mmoja. Mwalimu alimshikia isiteleze juu ya meza, mjukuu wangu akasaini. Walimu wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akituachia taa.

"Tukae kidogo kwanza," nikamwambia.

"Tukae mpaka lini, Bibi?"

Nilimnyooshea mkono, hakuushika.