Mpira wa Asili

Fundi alivitoa vipande vitatu vya mpira wa kupitishia mafuta kwenye chupa za jemu zenye petroli, akavipanga juu ya gazeti na kuvikodolea macho. Maneno ya wauza spea alikuwa akiyasikiliza kwa adabu, kisha analoweka kipande wiki nzima ajionee mwenyewe. Ule wa plastiki ulikuwa umekakamaa kama ukucha. Wa asili, uliotoka na gari kiwandani, ulikuwa umevimba, na ukiushika unakuachia weusi kidoleni. Mpya, wenye maandishi ya njano, ulikuwa vilevile ulivyoingia.

"Basi ni huu," alisema shemeji yake, mjane wa kaka yake. Gari lile kuukuu aliachiwa na marehemu, na ndilo lililokuwa likimlisha: alilikodisha kubeba maharusi, akiliendesha mwenyewe.

"Ni huu, shem. Petroli ya siku hizi wanaitia spiriti. Mpira wa zamani unalika kutoka ndani, ukipasuka unamwagia petroli injini ya moto, gari linawaka."

Akaufunga mpya, akakaza vibano, wa zamani aliouchomoa kwenye injini akautia kwenye buti. Wakaenda kwenye ukaguzi wa mwaka, maana harusi ilikuwa Jumamosi na cheti kilikuwa kimekwisha.

Mkaguzi aliinamia injini, akanyoosha kidole.

"Huu si wa kiwandani."

"Si wa kiwandani, mzee. Ni bora zaidi."

"Sijauliza ubora. Gari limesajiliwa kama la kale. La kale libaki kama lilivyotengenezwa."

Fundi alicheka akidhani anataniwa. Mkaguzi hakucheka. Fundi akamweleza habari za spiriti, za chupa za jemu, za weusi kidoleni, akasikilizwa hadi mwisho.

"Kitabu changu hakina spiriti," alisema mkaguzi.

"Basi lisajili kama gari la kawaida," shemeji aliingilia.

"La kawaida likizidi miaka ishirini haliruhusiwi kubeba abiria, mama."

"Kwa hiyo likiwa la kawaida ni kosa, na likiwa la kale ni kosa?"

"Likiwa la kale si kosa. Likiwa la kale lenye mpira mpya ndilo kosa."

Shemeji alimgeukia fundi amfasirie. Fundi mwenyewe kichwa kilikuwa kinamzunguka. Miaka thelathini mikono yake inanuka petroli, na sasa alikuwa hajui tena neno salama lina maana gani. Alifungua buti, akautoa ule wa asili, akaufunga badala ya mpya mbele ya macho ya mkaguzi, aibu ikimchoma kama mtu anayeiba. Mkaguzi aliuminya. Weusi ukambakia kidoleni, akaufuta kwenye kitambaa na kupiga mhuri: gari ni salama.

Nje ya geti fundi alimwomba shemeji aegeshe gari kando. Injini ilipopoa alifungua boneti.

"Unafanya nini?"

"Narudisha mpya."

"Na askari wakinisimamisha na kuukuta? Watachukua cheti. Watu wa harusi niwaambie nini? Uache tu mpaka Jumamosi ipite, shemeji. Siku nne."

Fundi aliutazama uso wake, akaona kwamba ameogopa, na kwamba hajui aogope kipi zaidi. Hata yeye hakujua. Alichukua bisibisi. Kisha akaufungua mpira wa asili, akamimina petroli iliyobaki ndani yake kwenye kopo, akachomoa kisu na kuukata, akakata tena, na tena, hadi hakikubaki kipande cha kutosha kufungwa popote.

Shemeji alikuwa ameshika cheti kwa mikono miwili, kana kwamba wino haujakauka.

"Mwakani tutawaonyesha nini?" aliuliza.

"Sijui, shem," alisema fundi, akaanza kuufunga mpya.