Uzi Hautoki Bila Shangazi

Pale kitengo cha kompyuta cha hospitali kila mtu alimwita Shangazi, hata mkuu wa kitengo aliyemzidi umri. Na kila asubuhi, kabla hajaweka pochi mezani, wimbo ulikuwa uleule: "Shangazi, nitolee uzi."

Uzi ni jina walilolipa lile fungu refu la herufi linaloiambia programu kanzidata, yaani ghala la taarifa, iko wapi, anayeingia ni nani na nywila yake ni ipi. Ukiuhitaji, unafungua dirisha jeusi la kompyuta, unaandika amri, unaombwa namba ya siri, namba inatumwa kwenye simu, unaijaza, ndipo uzi unatoka. Baada ya muda unakufa, unaomba mwingine. Namba ilitumwa kwenye simu moja tu, ya Shangazi, na aliyepanga hivyo ni Shangazi mwenyewe. Zamani kila mtu alijichotea. Siku moja mtu akachota uzi wa kanzidata ya kweli akidhani ni ya mazoezi, akafuta miadi yote ya kliniki ya figo, na wagonjwa walipofika mapokezi wakaambiwa hawajulikani. Shangazi akaapa halitatokea tena, na kweli halikutokea. Ila tangu hapo hakuwahi kula chakula cha mchana kikiwa cha moto, na likizo aliisikia kwa wenzake. Mwanzoni, tuseme ukweli, alifurahia kuwa mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi. Furaha iliisha, uchovu ukabaki.

Je, simu ikiita wakati namba inasubiriwa? Inakatwa. Namba haikai sana kabla ya kuisha muda, na mtu anayepiga anaziba kioo kizima. Ofisi yote ilijua hivyo. Aliyekatiwa kuliko wote ni binti yake.

"Mama, mimi sipigi tena," binti alimwambia mara ya mwisho walipozungumza. "Unanikatia kama watu wa matangazo."

Na hakupiga. Ikapita miezi bila hata salamu. Halafu jana ukaingia ujumbe kutoka namba mpya: ni yeye, amepata kazi mbali sana, na basi lake litapumzika kidogo stendi leo mchana. "Ukiweza, njoo mlango mkubwa nikuone kabla sijaenda." Hiyo "ukiweza" ilimchoma Shangazi kuliko tusi.

Mchana ukafika, na kazi ya kuhamisha kumbukumbu za kliniki kwenda kwenye kompyuta mpya ilikuwa imepamba moto. Shangazi akasimama. Kasuku, mhandisi wa meza ya jirani aliyepewa jina hilo kwa mdomo wake usiopumzika, akageuka.

"Unakwenda wapi, Shangazi? Tuko katikati. Uzi ukifa je?"

"Mwanangu yuko stendi."

"Basi nenda, nenda! Lakini simu?"

Shangazi akaitazama simu. Akiondoka nayo, kliniki inabaki nusu huku, nusu kule. Asipokwenda, binti ndiyo basi tena. Alikuwa amechoka hata kufikiri. Mahali pa kukutana napajua, akajiambia, simu ya nini? Akaiweka mbele ya Kasuku.

"Namba ikija, jaza. Ila angalia kwanza ni kanzidata ipi."

"Ondoa shaka, Shangazi."

Alifika stendi akihema, akasimama kwenye mlango mkubwa. Kila msichana mwenye begi alimfanya anyooshe shingo. Mabasi yakaingia, yakatoka. Miguu ilimuuma, akakataa kukaa asije akapitwa. Mwishowe mlinzi akamhurumia, akamuuliza anasubiri basi gani.

"Lile? Pole, mama. Leo limeshushia upande wa nyuma, huku sehemu yake ina matengenezo. Limeshaondoka."

Shangazi alirudi ofisini akijikokota.

"Kazi inakwenda, Shangazi!" Kasuku alimpokea kwa bashasha. "Ila kuna mtu kanisumbua, namba haina jina, anapiga na mimi nasubiri namba ya uzi. Nikamkata. Akarudia, nikamkata tena. Si ndivyo unavyofanya?"

Shangazi akaichukua simu. Ile namba mpya hakuwa amepata hata nafasi ya kuiandikia jina. Chini yake palikuwa na ujumbe: "Tuko upande wa nyuma, nilipiga nikuambie. Sikudhani hata leo utanikatia. Kazi njema, mama."

Kasuku alimwona uso ulivyobadilika. "Jamani, Shangazi. Sikujua ni yeye."

"Hukukosea. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Kwenye kompyuta ya Kasuku maandishi mekundu yakajitokeza. Uzi ulikuwa umekufa tena. Shangazi akavuta kiti. Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika amri ambayo hakuwahi kuiandika, ya kuongeza simu za kupokea namba. Akaweka ya Kasuku, akaweka ya mkuu wa kitengo. Akaulizwa kama ana hakika. Akajibu ndiyo, na mambo yakawa yamekwisha. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, miaka yote hiyo. Hilo ndilo lililomtoa machozi.

"Omba uzi mwingine. Simu yako imepata namba?" akauliza.

"Imepata, Shangazi."

"Haya, endelea."

Akatoka mpaka kwenye ngazi, akampigia binti yake. Simu iliita mpaka ikanyamaza yenyewe. Akakaa chini palepale, akapiga tena.