Betri za Sikio la Mzee Ndesanjo

Kwa miaka mingi Tabea alikuwa akimsema mumewe waziwazi, uso kwa uso, na mumewe asijue. Mzee Ndesanjo hakuwa akisikia. Ukaidi alikuwa nao, tena wa kutosha kuigawia kata nzima ya Kikwe, lakini hili halikuwa la ukaidi. Masikio yenyewe yalikuwa yamekufa, la kushoto kabisa, la kulia likibakiza radi na ngurumo za malori. Basi Tabea alikuwa akimwekea chai na kumwambia, "Haya kunywa, mzee usiyeshukuru," na mzee alipokea kikombe kwa mikono miwili akasema asante. Mwanzoni ilimchekesha. Baadaye ikamchosha, kwa sababu kumsema mtu asiyekusikia ni kazi ya bure, na Tabea hakupenda kazi za bure.

Halafu karibu na Pasaka binti yao Evelyn, fundi cherehani wa kule Sekei, akaja na kiboksi. Ndani mlikuwa na mashine ya sikio, kidude kidogo cha rangi ya ngozi ya Mzungu, alichokinunua kwa mmachinga kwa bei ya majogoo wawili. Akakitia betri, akakichomeka kwenye sikio la kulia la baba yake na kukizungusha kitufe kwa ukucha.

Mzee akashtuka, akageuza kichwa huku na huku. "Nini kile kinacholia?"

"Kipi, baba?"

"Kile. Tii, tii, tii."

Vilikuwa vifaranga, chini ya kiti chake mwenyewe. Mzee aliviangalia kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Jioni, Evelyn alipokwisha kurudi mjini, mzee akamwita mkewe aketi karibu. "Mama Evelyn, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sauti yako nilikuwa nimeisahau."

Tabea, mwanamke mwenye wajukuu, akaona haya. Akamwambia bei ya maharage. Akamwambia nani kafiwa, nani kahamia Daraja Mbili, nani kaimbishwa kwaya na hajui hata kushika sauti. Mzee akauliza, Tabea akajibu, wakaongea mpaka chai ikapoa na ikabidi ipashwe. Kesho yake Tabea akasahau kabisa kwamba anasikiwa, akaanza kumnung'unikia kama alivyozoea, na mzee akacheka hadi akakohoa. "Kumbe hivi ndivyo ulivyokuwa ukinisema siku zote!" Tabea alifurahi kama ambavyo hakuwahi kufurahi tangu watoto wangali wadogo.

Betri zilizokuja na mashine hazikumaliza hata nusu mwezi. Mashine ikapiga mlio mdogo, ikanyamaza, na mzee naye akanyamaza. Evelyn akahangaika mjini na kibetri mfukoni, kidogo kama punje ya mbaazi, akakionyesha kila duka la saa na kila duka la simu, wakamtikisia kichwa. Mwishowe akazipata kwenye duka moja la dawa, kwenye kadi, na aliposikia bei ya kadi ile akadhani muuzaji hakumwelewa. Kadi moja ilikaribia bei ya mashine nzima! Hao wanaotengeneza vitu hivi wana akili, mtu asiwadanganye. Wanakuuzia ng'ombe kwa bei ya kuku, na ukishafika naye nyumbani unagundua kwamba majani anayokula yanauzwa na wao peke yao. Evelyn akarudi Sekei mikono mitupu, na mashine ikalala ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati.

Huenda ingelala humo moja kwa moja, kama si Elihuruma kupiga simu.

Elihuruma ni mtoto wao wa kiume, na hakuwa amekanyaga pale nyumbani tangu siku aliyoangusha miti miwili ya miringaringa iliyokuwa ikitia kivuli makaburi ya babu zake, akawauzia watu wa mbao. Kabla ya hapo alikwisha kuuza ng'ombe wa maziwa wa baba yake, na kwa hilo aliletwa na wazee akiwa na jani la isale la kuombea msamaha mkononi. Jani hilo aliyekosewa akiletewa hawezi kulikataa, na Ndesanjo hakulikataa, alisamehe. Ndipo ikaja miringaringa. Alipoulizwa, kijana alisimama katikati ya ua akampigia baba yake kelele, mishipa ya shingo imemtoka, majirani wamejaa nje ya uzio wa isale wakisikiliza. Mzee akasema neno moja tu alipomaliza. "Siku ukirudi usije na jani. Jani nilishalipokea. Uje na mdomo wako, useme umekosa, nami nisikie kwa masikio yangu mwenyewe."

Kisha masikio yakafa.

Sasa Elihuruma alikuwa utingo wa lori la mizigo, na lori lingesimama Usa River Jumapili moja likielekea Namanga. "Mama, nitakuja," alisema kwenye simu. "Nitasema anachotaka nikiseme. Nimechoka kuishi kama sina kwetu." Tabea alikata simu akaketi chini palepale jikoni. Alijua ni lazima mzee asikie. Nusu-nusu isingefaa, wala kuambiwa na mtu isingefaa. Alimjua mumewe.

Akauza mikungu yake ya ndizi na tetea aliyekuwa akitaga, akamtumia Evelyn, naye Evelyn akajaziliza. Kadi ya betri ikafika kwa mkono wa jirani wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Tabea akaigeuzageuza. Betri sita, kila moja imebandikwa kikaratasi cha rangi ya chungwa, na nyuma ya kadi maandishi madogo ya Kiingereza.

Pale Kikwe hakuna mtu anayenunua betri bila kuijaribu. Muuzaji huitia kwenye tochi mbele ya macho yako, iwake, ndipo utoe hela. Hizi hazikuwa zimejaribiwa na mtu, na zimeuzwa ghali namna ile, je kama zimelala dukani mwaka mzima? Tena kila mwenye redio anajua kwamba betri ikianikwa juani hupata nguvu. Tabea amesikiliza vipindi vya Neno la Mungu na matangazo ya vifo kwa betri za kuanika maisha yake yote. Basi hakuona shaka yoyote. Alibandua vile vikaratasi kimoja kimoja kwa ukucha, maana jua litaingiaje betri ikiwa imefunikwa, akazipanga kwenye ungo na kuuweka ungo juu ya banda la kuku. Kila asubuhi alizitoa, kila jioni akazifunga kwenye leso na kuzilaza chini ya mto wake. Hakuna mahindi ya mbegu yaliyowahi kutunzwa hivyo mikononi mwake. Hata mzee aliuona ungo, akauliza kwa mkono, naye akamwonyesha sikio na jua. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jumapili hiyo Evelyn alifika mapema, akachinja kuku. Mzee alivaa koti la kanisani na kukaa kwenye kiti chake chini ya upenu. Tabea akatia betri ya kwanza, mashine ikaita, na mzee akatabasamu. "Nasikia," akasema. "Nasikia mnavyokaanga vitunguu."

Elihuruma akaingia ameshika kofia, amekonda kuliko sauti yake ya kwenye simu. Hakuwa na jani. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, akainama mbele juu ya fimbo yake. Alikuwa amesikia! "Kaa. Sema ulichokuja nacho."

Kijana hakukaa. Alitazama chini akaanza polepole, kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi njia nzima. "Baba, nimekuja kwa ajili ya ile miringaringa…"

Mashine ikapiga mlio, ikazimika.

"Ngoja," mzee akasema, akagonga sikio. "Ngoja, usiseme. Imezimika."

Tabea akatia ya pili. Haikuita. Ya tatu ikaita, mzee akainua kidole, kijana akafungua mdomo, ikafa. Ya nne kimya, ya tano kimya. Ya sita ilimponyoka, akaitafuta kwa magoti kwenye vumbi, akaipata, akaifuta kwa kanga, akaitia. Kimya.

"Mama," Evelyn akauliza, "vile vikaratasi vya juu viko wapi?"

"Nilivibandua. Nilikuwa naanika."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozituma."

Evelyn akaiokota kadi, akasoma nyuma yake, midomo ikicheza. Alipoinua uso, Tabea alijua kabla hajaambiwa. "Mama, hizi zinafanya kazi kwa hewa. Kikaratasi ndicho kinachozuia hewa. Ukikibandua tu imeanza kuisha, uitumie usiitumie. Na jua ndiyo kabisa linazikausha." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Tabea kuliko kofi. Duka la dawa lilikuwa limefungwa, Jumapili. Lori lilikuwa likiondoka alasiri.

"Sema basi!" mzee akamwambia kijana wake kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Nakungoja. Sema!"

Elihuruma akasema. Mzee akatikisa kichwa. Elihuruma akasogea, akapiga magoti karibu na sikio la kulia, akasema kwa sauti zaidi. Mzee akatikisa kichwa. Basi kijana wa watu akavuta pumzi akapaaza sauti kwa nguvu zake zote. "NIMEKOSA, BABA! NIMEKOSA! NISAMEHE!" Mishipa ya shingo ikamtoka, mate yakamruka, macho yakawa mekundu, na huko nje kwenye uzio wa isale vichwa vya majirani vikaanza kuchungulia, vilevile kama siku ile.

Tabea akautazama uso wa mumewe, na aliona jambo zima likiharibika humo ndani. Mzee hakusikia neno. Alisikia ngurumo. Aliona mdomo ulioachama na shingo ile ile.

Akamsukuma kijana kwa fimbo, akasimama. "Umekuja tena kunipigia kelele kwangu! Mbele ya watu! Hata uzee wangu huuonei aibu?"

"Baba, hapana…"

"Toka!"

Tabea akamshika mumewe mkono, akaonyesha mdomo, akaonyesha moyo, akaunganisha viganja kama mtu anayesali. Mzee akajinasua. Elihuruma akainuka, magoti yamejaa vumbi, akavaa kofia. "Mmeona wenyewe," akawaambia mama yake na dada yake. "Nimesema mpaka koo limeuma. Anataka nifanye nini tena?" Evelyn akamkimbilia hadi barabarani akimweleza habari ya betri, naye alisikiliza, lakini hakugeuka. Kuku alibaki kwenye sufuria.

Evelyn alirudi akachukua kalamu, akaandika kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa kwamba Elihuruma alikuwa akiomba radhi. Mzee akavaa miwani, akasoma, akakirudisha.

"Wewe ni dada yake," akasema. Akamgeukia Tabea. "Na wewe ni mama yake. Mtaandika lolote. Mimi nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu."

Akaitoa mashine sikioni, akaitia mwenyewe kwenye kopo la kahawa na kulibana kifuniko. Mwezi uliofuata Evelyn alijinyima akaleta kadi nyingine, vikaratasi vyake vyote mahali pake. Mzee alikataa hata kuishika. Akasema mtu aliyekuwa akingoja kumsikia amekwisha kumsikia, na hao wengine waliobaki hawana jipya. Tabea alisimama na kadi mkononi. Huyo mwingine aliyebaki alikuwa ni yeye. Simu ya Elihuruma nayo haikupatikana tena.

Siku hizi jioni anamwekea chai, anaketi upande wa sikio la kulia, na anamweleza yote kuanzia mwanzo. Anaanza na vile vikaratasi, jinsi alivyovibandua kwa ukucha. Anaeleza ungo, na leso chini ya mto. Anamwambia, "Ni mimi, Baba Evelyn. Mtoto alisema. Alisema mara tatu. Ni mimi niliyeziua zile betri." Husema kwa sauti ya kawaida, maana ameapa hatampigia mtu huyu kelele.

Mzee huitazama midomo ya mkewe ikicheza, hupuliza chai yake, na mara nyingine hutabasamu kidogo kwa kukumbuka.

"Mama Evelyn," humwambia, "umeanza tena kuninung'unikia."