Mtoto wa Siku Tatu

Saa mbili asubuhi muuguzi alimfyonza mtoto mate kwa mrija, akamlaza ubavu, akaandika kwenye kadi: umri, siku tatu. Koo la mtoto lilikuwa limeishia njiani, halikufika tumboni. Tone moja la maziwa lingempalia. Dawa yake ilikuwa kisu, na daktari wa kupasua watoto wachanga alikuwa mmoja tu.

"Bibi, mbele yenu wapo watano," daktari alikuwa amemwambia bibi yake mtoto siku walipomleta, akiwa wa siku tatu.

"Haya baba, sisi tutasubiri."

Bibi alijibu kwa adabu tu, kama mtu anavyojibu mlangoni pa watu. Lakini mtoto alisikia, akalishika neno la bibi yake.

Kesho yake alikuwa wa siku tatu. Mwezi uliofuata, siku tatu. Kitovu hakikukauka, kucha hazikurefuka. Kadi ilipojaa, muuguzi aliunganisha nyingine kwa pini.

Utaratibu wa wodi ulikuwa huu: anayezidiwa ndiye anayetangulia. Wakaja waliovimba matumbo, wakaja waliozaliwa bila njia ya haja, wote wakapita. Wengine walirudi wakinyonya. Wengine hawakurudi. Yeye hakuzidiwa, basi kila wiki jina lake liliandikwa chini kabisa.

Bibi alimwinamia sikioni.

"Mume wangu, ustaarabu gani huu? Mimi nilisema tu. Hebu zidiwa kidogo, wakuone."

Mtoto alimtazama, akatoa povu, akatulia. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Mume mwenyewe mbishi," bibi akamwambia muuguzi.

"Afadhali wako, bibi. Wangu hata hasikilizi."

Mama mtu akapata mimba nyingine, akajifungua mwana mwenye koo zima. Huyo alinyonya, akaota meno, akatembea. Alipotimiza miaka miwili alivuliwa viatu mlangoni, akaletwa wodini, akasimamishwa juu ya benchi.

"Mwamkie kaka yako," bibi akamwambia.

"Huyu mtoto?"

"Ndiye mkubwa wako. Mwamkie."

"Shikamoo."

Midomo ya mkubwa ilicheza, mrija ukavuma. Bibi akamwitikia kwa niaba yake.

Daktari akaingia, mvi zimemjaa kichwani, mikono bado mibichi kwa kunawa.

"Huyu anaendeleaje?"

"Vilevile," muuguzi akajibu.

"Vizuri," daktari akasema, akambeba mtoto wa kitanda cha jirani.